Pesa za Mnada wa Masafa Marekani Zinakwenda Wapi?

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote mnaonitazama, shikamooni. Karibuni tena.

Leo nazungumzia mnada ambao bidhaa yake haishikiki. Serikali ya hapa Marekani inanadi masafa ya redio, yaani haki ya kampuni kurusha mawimbi yake katika eneo fulani bila kuingiliwa na mwingine. Tangu mnada wa kwanza, Julai 1994, Hazina imeingiza zaidi ya dola bilioni 200. Ukubwa wa pesa hizo haunisumbui. Kinachonisumbua ni zinakoelekea zikishalipwa, maana hapo ndipo mwananchi anapata mtandao au anakosa.

Zamani leseni zilitolewa kwa kulinganisha maombi, kesi zikachukua miaka. Baadaye wakaingia kwenye bahati nasibu. Mwaka 1989 mshindi wa leseni ya simu za mkononi ya Cape Cod, Massachusetts, aliiuza kwa kampuni ya Southwestern Bell kwa takriban dola milioni 41. Hebu fikirini: mali ni ya umma, faida imeingia mfukoni mwa aliyebahatika. Ndipo mwaka 1993 Bunge likaipa FCC, ile Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, mamlaka ya kunadi. Leseni za maeneo mengi zinawekwa sokoni kwa pamoja, kampuni zinapandisha dau raundi baada ya raundi, na mnada haufungwi mpaka ipite raundi isiyo na dau jipya. Paul Milgrom na Robert Wilson, waliosaidia kuubuni utaratibu huo, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2020. Kwa upande huo sina ugomvi na Marekani hata kidogo.

Sasa twende kwenye pesa.

Septemba 11, 2001, polisi waliokuwa kwenye helikopta New York waliona hali ya majengo yale pacha inazidi kuwa mbaya, wakatoa tahadhari kwa redio. Lakini redio za polisi na za zimamoto zilikuwa mbalimbali, na wazima moto waliokuwa ndani hawakuisikia. Wazima moto 343 walifariki siku hiyo. Sisemi wote wangeokoka. Nasema kulikuwa na taarifa hewani ambayo haikuwafikia waliokuwa wanaihitaji.

Ilichukua zaidi ya miaka 10 mpaka Bunge likapitisha sheria, Februari 2012, ya kuunda FirstNet, mtandao mmoja wa nchi nzima kwa ajili ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Sheria ile ilitaja kabla ya mnada pesa zitakwenda wapi: dola bilioni 7 za kujenga FirstNet, bilioni 20.4 za kupunguza nakisi ya bajeti, na milioni 115 kwa vituo vinavyopokea simu za dharura, namba 911. Mnada mkubwa ulipofungwa Januari 2015, dau zilifika takriban dola bilioni 45. FirstNet ikapata fungu lake lote, na Machi 2017 ikaingia mkataba wa miaka 25 na AT&T. Leo mtandao huo upo na unafanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu fungu lake liliandikwa ndani ya sheria kabla mtu yeyote hajatoa dau.

Linganisheni na mnada uliofungwa mwanzoni mwa 2021, wa masafa yaliyokuwa yakitumiwa na setilaiti. Dau zilifika dola bilioni 81, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa hapa. Verizon peke yake ilitoa karibu bilioni 45. Wabunge kadhaa walitaka sehemu ya pesa itengwe kwa ajili ya intaneti vijijini, wakashindwa kuelewana, na mnada ukaendelea bila kifungu hicho. Pesa zikaingia Hazina kwenye kapu la jumla. Kijiji kisichokuwa na mtandao hakikuwa na haki ya kisheria kudai hata senti moja ya mnada ule.

Halafu likaja jambo lililonikera zaidi. Machi 9, 2023, mamlaka ya FCC ya kunadi yaliisha muda, kwa mara ya kwanza tangu yatolewe. Baraza la Wawakilishi na Seneti walikuwa wanavutana na Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, kuhusu masafa ya jeshi, na wanavutana wenyewe kuhusu mgawo. T-Mobile ilikuwa imeshinda leseni za zaidi ya dola milioni 300 na kulipa, ikasubiri mpaka Desemba ipitishwe sheria maalumu ndipo ikabidhiwe.

T-Mobile ni kubwa, inaweza kusubiri. Kampuni ndogo za vijijini je? Serikali ilikuwa imeziamuru zing'oe mitambo ya Huawei na ZTE, kampuni za China, na kuahidi kuzirudishia gharama. Bunge lilitenga dola bilioni 1.9, lakini madai yaliyokubaliwa yakahitaji karibu bilioni 5, hivyo zikaambulia kama asilimia 40. Amri imetoka, pesa haijatoka. Kampuni inayohudumia wakulima wachache waliotawanyika itazitoa wapi? Pengo la bilioni 3.08 lilizibwa Desemba 2024: FCC ikaruhusiwa kukopa Hazina, na deni lirudishwe kwa mnada mwingine.

Julai 2025 mamlaka ya kunadi yamerudishwa hadi Septemba 2034, na sheria inataka zitafutwe megahezi 800 za kunadi (megahezi ni kipimo cha upana wa masafa). Wataalamu wa bajeti wa Bunge wamekadiria zitaingia dola bilioni 85. Mnakumbuka zile milioni 115 za vituo vya 911? Mswada ambao Baraza la Wawakilishi liliupitisha Julai 2022 ungevipa hadi bilioni 10, ili vipokee picha, video na mahali hasa alipo anayepiga, badala ya sauti tu. Mswada ule ulikwama Seneti. Sheria ya 2025 haijavitengea fungu. Mapato yanakwenda Hazina kufidia gharama nyingine za sheria hiyohiyo. Vituo vinaendelea kutegemea tozo kwenye bili za simu, ambazo majimbo na kaunti hupanga kivyao. Kaunti yenye uwezo inabadilisha mitambo. Isiyo na uwezo inasubiri.

Maswali yenu yaandikeni hapo chini, hasa nyie mnaofanya kazi za minara na mkongo. Video ijayo nitachambua mvutano wa Pentagon na kampuni za simu, kwa sababu megahezi 800 hizo lazima mtu azihame kwanza.