Pesa ya Tajiri Imeandikwaje? Mhadhara kwa wanachama na mashabiki wa soka, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, viongozi wa matawi, na nyinyi wapenzi wa mpira ambao hamna kadi lakini jezi hamuivui, karibuni.

Vijiweni Kariakoo swali huwa moja: tajiri ametoa shilingi ngapi? Jioni hii naomba tuulize lingine: pesa hiyo imeandikwa kwa jina gani kwenye vitabu vya klabu? Bilioni 1 ikiingia benki yaweza kuwa moja ya aina nne. Yaweza kuwa mtaji, yaani imenunua hisa, na aliyeitoa hawezi kuja kuidai. Atasubiri gawio, yaani sehemu ya faida, au atauza hisa zake. Yaweza kuwa mkopo, wenye tarehe ya kulipwa na pengine riba. Yaweza kuwa udhamini, malipo ya nembo kifuani, ambayo ni mapato halali. Au ni zawadi, na habari imeishia hapo. Zote nne zinasajili mshambuliaji yuleyule. Tofauti yake mtaiona siku tajiri anapoaga.

Tuanze na hisa, maana ndizo zinazosemwa sana. Kanuni za Baraza la Michezo la Taifa zinataka klabu ya wanachama ikigeuka kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Simba, katika zabuni ya Desemba 2017, mshindi alikuwa Mohammed Dewji, na dau lililotajwa ni shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49. Fanyeni hesabu: bilioni 20 gawanya kwa 0.49, kampuni nzima inakuwa na thamani ya kama bilioni 40.8. Sehemu ya wanachama ni bilioni 20.8, na hakuna mwanachama aliyeleta noti mezani. Hiyo ni thamani ya jina, nembo, mali na umati uliojengwa tangu 1936. Kwa hiyo tathmini ya mali si jambo la kuwaachia wahasibu peke yao. Jina likithaminiwa kwa bei ya chini, asilimia 49 zimeuzwa kwa bei ya chini.

Je, asilimia 51 inatosha? Inasaidia, lakini ina mipaka. Kwa Sheria ya Kampuni ya 2002, azimio la kawaida hupita kwa wingi wa kura, bali azimio maalumu, kama la kubadili katiba ya kampuni, linahitaji robo tatu. Wanachama peke yao hawafiki huko, na mwekezaji peke yake hafiki. Halafu kuna jambo linalosahaulika sana: mara nyingi zile 51 hazishikwi na mwanachama mmoja mmoja, hushikwa kwa niaba yao, na Bodi ya Wadhamini au chombo kingine. Someni katiba yenu mjue nani anapiga kura hiyo, nani anamteua, na nani anaweza kumwondoa. Hesabuni pia viti vya bodi ya wakurugenzi, kwa sababu bajeti, mikataba na mikopo huamuliwa pale, si kwenye mkutano mkuu.

Mikopo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Kanuni ya 51 kwa 49 inalinda hisa, haizuii deni. Chukueni mfano wa klabu yenye mishahara na gharama za milioni 300 kwa mwezi na mapato ya uhakika ya milioni 200. Pengo ni milioni 100, kwa mwaka bilioni 1.2, kwa miaka mitano bilioni 6 kabla ya riba. Tajiri analiziba kila mwezi, sisi tunamshangilia, na ni haki yake kushangiliwa. Lakini kama kila muamala umeandikwa mkopo wa mbia, basi siku akichoka klabu inadaiwa bilioni 6, na atakayekuja kununua hisa atakaa kwanza na mdai. Wanachama bado wana asilimia 51, ila ni asilimia 51 ya kampuni iliyozama kwenye deni.

Mashabiki wa Manchester United waliomo humu wanalifahamu hili. Familia ya Glazer ilipoichukua klabu mwaka 2005 kwa kama pauni milioni 790, sehemu kubwa ya fedha ilikopwa na deni likabebeshwa klabu ambayo kabla ya hapo haikuwa nalo. Ile ina mapato makubwa, imehimili. Bury, klabu nyingine ya Uingereza, ya tangu 1885, iliuzwa kwa pauni 1 Desemba 2018, mmiliki mpya akashindwa kuthibitisha fedha za kuiendesha, na tarehe 27 Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi. Bei ya pauni 1 ina maana mnunuzi ananunua madeni.

Sasa mapato. Kiasi kinachotangazwa kwenye mkutano na waandishi ni jumla ya miaka yote. Mkataba wa udhamini wa kampuni ya kubashiri ya M-Bet na Simba wa 2022 ulikuwa bilioni 26.1 kwa miaka mitano: wastani wa bilioni 5.22 kwa mwaka. Ule wa haki za televisheni wa Azam Media na TFF wa 2021 ulikuwa bilioni 225.6 kwa miaka kumi, yaani bilioni 22.56 kwa mwaka. Hata zote zingegawanywa sawa kwa klabu 16, kila moja ingepata bilioni 1.41. Mlangoni nako, tiketi ya 5,000 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake inabaki 4,237, kisha yanafuata makato ya uwanja na ya mamlaka za soka. Msikadirie mapato kwa kuhesabu vichwa kwa Mkapa.

Dalili za klabu iliyoelemewa huonekana kwanza kwa wachezaji. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuvunja mkataba, baada ya kuitaarifu klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15. Klabu inayodaiwa na klabu nyingine au mchezaji zaidi ya siku 30 bila sababu ya msingi, na iliyopewa notisi ya siku 10, inaweza kuadhibiwa, pamoja na kufungiwa kusajili. Kwa hiyo mkisikia kufungiwa, jueni deni lile lilikuwa na barua zake miezi mingi nyuma. Ulizeni barua zilifika kwa nani.

Mtazipata wapi taarifa? BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, mtu yeyote anaweza kulipia upekuzi wa kampuni na kuona wanahisa na wakurugenzi. Sheria inataka pia kampuni iwasilishe wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya majina ya kampuni. Kisha dai hesabu zilizokaguliwa, kitabu kizima, si ukurasa wa mapato na matumizi. Anza na maoni ya mkaguzi: ni hati safi au yenye shaka, na je, anatilia mashaka uwezo wa klabu kuendelea? Ruka hadi maelezo ya hesabu nyuma, utafute miamala na wahusika wenye uhusiano, yaani watu na kampuni zilizo karibu na klabu, kama mwekezaji. Humo ndimo pesa ya tajiri inapotajwa kwa jina lake. Utaona vilevile kama kampuni zake nyingine zinaiuzia klabu jezi, usafiri au matangazo, na kwa bei gani.

Kwenye mkutano mkuu, kosa la kila mwaka ni kusubiri kipengele cha mengineyo. Saa hiyo wajumbe wa mikoani wanawahi mabasi, akidi imeyeyuka, na swali haliwezi kuzaa azimio. Hoja iingie kwenye ajenda, ndani ya muda ambao katiba yenu imeweka, ikiwa na saini za wanachama wanaoiunga mkono na ambao ada zao zimelipwa. Mmoja asiyelipa anatosha kuwapa sababu ya kuitupa. Iandikwe fupi: tunaomba hesabu zilizokaguliwa zitufikie kabla ya mkutano, na tunaomba orodha ya fedha zote kutoka kwa mwekezaji, zikitenganishwa hisa, mkopo, udhamini na zawadi. Msikubali hesabu za kuonyeshwa ukutani dakika kumi. Barua ipelekwe ofisini kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ili siku mkiambiwa hoja haikufika muwe nayo ukumbini.