Arbitri wa basket: anza na rangi, kisha namba

Jambo wandugu, leo tuko hapa Goma ku kiwanja, nataka nikuonyeshe vile arbitri anapeleka fote (kosa ya kugusa ao kusukuma mwenzako) ku meza ili ule mwenye anaandika asikosee timu. Kama unaanza kupuliza filimbi ku mashindano ya kartie ao ya masomo, kaa hapa.

Mbele mechi ianze, angalia jezi. Sheria ya FIBA, shirikisho ya basket ya dunia, inasema timu yenye imetajwa kwanza inavaa rangi ya kupauka, nyeupe njo inapendwa, ya pili inavaa rangi nzito, na wakipatana wanaweza kubadilishana. Lakini hapa kwetu unajua ile vumbi nyeusi ya majiwe ya volkano, mechi ikifika katikati ile nyeupe imeshakuwa ya majivu, kwa hiyo enda ku meza mupatane jina kabisa, hawa ni nyeupe, hawa ni bluu, na hiyo jina isibadilike mpaka mwisho hata jezi ichafuke namna gani. Rangi zikifanana, usianze, omba timu moja ivae vizibao vya mazoezi. Na kuna watu wenye macho yao haitenganishe nyekundu na kijani, anaweza kuwa ule mwenye ameshika bic!

Sasa fote imefika. Puliza mara moja, nyanyua mukono, ngumi imefungwa. Ngumi ni fote, kiganja wazi ni kosa ingine kama kutembea na mpira. Kisha toka katikati ya wachezaji, enda mahali meza inakuona muzima, simama. Simama kabisa, usiseme huku unakimbia.

Fungua mudomo: "Bluu." Pumua kidogo. Halafu namba ya mchezaji mwenye amefanya fote, kwa sauti na kwa mikono. Saba: kuume vidole tano, kushoto mbili. Kumi na mbili: kuume ngumi, kushoto mbili. Ishirini na nne: kwanza mbili, mugongo ya mukono ikiangalia meza, kisha geuza kiganja uonyeshe nne. Mwisho onyesha fote ya namna gani, na kama ni lansi (kutupa ya bure ku kikapu) ao mpira unaenda upande gani.

Juu ya nini rangi mbele? Ile karatasi iko na timu A juu na timu B chini, na zote mbili zinaweza kuwa na namba 7. Ukisema rangi, jicho ya mwandishi inashuka ku timu yenyewe, halafu namba inamupeleka ku mustari. Ukianza na namba anabaki anabahatisha. Mimi siku moja nilisema "saba, kusukuma", nikageuka, wakaandikia saba wa ile timu ingine, na yule kijana alikuwa na fote nne. Mchezaji akifikisha fote tano anatoka. Alikuwa anavua jezi analia, hakugusa mutu, tukasimamisha mechi kurekebisha karatasi, na mpaka leo ile sura yake sijaisahau. Na hesabu ya timu pia inaharibika, juu timu ikimaliza fote nne ku robo moja ya mechi, zenye zinafuata za kulinda zinazaa lansi mbili.

Ukimaliza kusema usikimbie kurudi. Angalia mwandishi, ngoja anyanyue kichwa ao dole, njo urudi ku mpira.