Kiti cha Sita: Mafundi na Marubani wa Vulcan

MPWA: Haya wasikilizaji, tupo tena Mikindani, barazani kwa mjomba. Hizo sauti mnazosikia nyuma ni wavuvi wanapandisha mtumbwi. Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mpwa wangu. Na nyote mnaotusikiliza, habari za huko.

MPWA: Mada ya leo ameichagua mjomba mwenyewe. Nilijua tutaendelea na habari za bandari, akasema hapana, leo ni Vulcan. Mjomba, hii ni ndege ya mabomu ya Waingereza, imestaafu zamani, wala haikuwa yetu. Imekuingiaje moyoni?

MJOMBA: Kwa ajili ya mafundi wake. Mimi nimefanya kazi pale uwanja wa ndege Mtwara enzi za Fokker, zile F27 za pangaboi mbili. Abiria wakishuka wanamshukuru rubani. Fundi yuko chini ya bawa na tambara lake, nani amwone? Sasa nimekuwa nikifuatilia kumbukumbu za wazee wa Vulcan, waliorusha na waliotengeneza. Wanakumbuka pamoja. Rubani anamtaja fundi wake, na fundi anaitaja ndege kwa namba yake, XM607, XH558, kama mtu anavyotaja watoto wa dada yake.

MPWA: Yaani mimi.

MJOMBA: Yaani wewe.

MPWA: Kwa asiyewahi kuiona, ilikuwaje?

MJOMBA: Unamjua samaki taa? Yule bapa, anayeletwa hapa ufukweni mabawa yameungana na mwili. Basi ndiyo hiyo. Pembetatu moja kubwa. Zile za toleo la pili, kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ni karibu mita 34, na injini nne za Olympus zimezikwa ndani ya mabawa, huzioni. Iliruka mara ya kwanza tarehe 30 Agosti 1952. Na mlio wake! Rubani akiongeza nguvu ya injini, kuna kiwango fulani hewa ikiingia kwenye yale matundu ya mbele inalia, sauti nene, inapanda. Wazee wale wakifika hapo kwenye maelezo, wote wanasimama. Mtu ana miaka 80 anakwambia bado anaisikia.

MPWA: Nimesoma kuhusu rubani wa majaribio, Roly Falk, kwamba mwaka 1955 kwenye maonyesho ya Farnborough aliibiringisha angani, ndege kubwa vile, na amevaa suti na tai.

MJOMBA: Ni kweli, na watu wanaipenda hiyo. Lakini mimi kisa kinachonikaa ni cha mbunifu wake, Roy Chadwick. Huyu ndiye aliyebuni Lancaster ya Vita Kuu ya Pili, na ndiye aliyeanza michoro ya Vulcan. Hakuiona ikiruka. Alikufa tarehe 23 Agosti 1947.

MPWA: 1947 ndio mwaka ule ule Waingereza walipoanza mradi wa karanga. Ule uliotuletea bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa.

MJOMBA: Mwaka ule ule. Siku hiyo Chadwick alipanda ndege nyingine ya kampuni yake, Tudor, ya majaribio. Ndege ilikuwa imetoka kwa mafundi. Sasa sikiliza. Nyuma ya kila bawa kuna kibawa kidogo kinachopanda na kushuka, hicho ndicho kinachoilaza ndege kulia au kushoto. Nyaya zake zilikuwa zimeungwa kinyume. Rubani akitaka kulia, ndege inakwenda kushoto. Ilianguka dakika hiyo hiyo ya kuruka.

MPWA: Kwa nyaya tu.

MJOMBA: Usiseme "tu". Mimi nilipoanza kazi nilifundishwa hivi: ukimaliza kufunga, ondoka, mwite mwenzako ambaye hakufunga, yeye aangalie kana kwamba wewe ni adui yake. Halafu mmoja akae kwenye usukani ageuze kulia, mwingine asimame nje aseme kwa sauti kile anachokiona. Siyo kile anachotarajia kukiona. Nilichoka na hilo zoezi, kijana nina haraka, jua la Mtwara linachoma lami. Siku niliyosoma kisa cha Chadwick nilikuwa nimeshastaafu, na mikono ilinitetemeka.

MPWA: Kwa hiyo Vulcan ilizaliwa na msiba wa fundi.

MJOMBA: Na ikaendelea kuwa na jambo la watu wake. Hapa ndipo ninapotaka tukae, mpwa wangu. Vulcan ilikuwa na watu watano. Mbele juu, rubani na msaidizi wake. Nyuma yao, chini kidogo, wamegeukia mkiani, watu watatu: wawili wa kuongoza njia na rada, na mmoja wa mitambo ya umeme na ya kuvuruga rada za adui. Marubani wawili walikaa kwenye viti vya Martin-Baker, vile vinavyolipuka na kumrusha mtu nje pamoja na parachuti yake. Wale watatu wa nyuma hawakuwa navyo.

MPWA: Wao walitakiwa kutokaje?

MJOMBA: Kwa mlango wa sakafuni. Unainuka kwenye kiti. Baadaye waliwawekea mito inayojaa hewa imsukume mtu asimame hata kama ndege inamlemea. Unaufikia mlango, unaufungua, unateleza chini na parachuti mgongoni. Na kama magurudumu yametoka, mguu wa gurudumu la mbele uko nyuma ya huo mlango, njia yako inapita hapo hapo.

MPWA: Ukiwa juu sana labda muda upo.

MJOMBA: Juu, ndiyo, na ndege ilibuniwa kuruka juu. Ilipakwa rangi nyeupe kabisa ili mwanga wa bomu la nyuklia usiiunguze. Lakini makombora ya Warusi yalipokuwa yanafika huko juu, miaka ya sitini wakaiteremsha, wakaipaka kijani na kijivu, ikawa inaruka karibu na miti. Huko chini mlango wa sakafuni ni wa nini?

MPWA: Tulisoma pamoja ile ya London, mjomba. Tarehe 1 Oktoba 1956.

MJOMBA: Ilikuwa inarudi kutoka Australia na New Zealand, safari ya heshima, wenyeji wanaisubiri Heathrow. Hali ya hewa mbaya, ikagusa chini kabla ya kufika uwanjani, magurudumu yakaharibika, ikainuka tena, ikashindikana. Waliokaa mbele wawili wakarushwa na viti vyao, wakapona. Wanne wa nyuma wakafa. Kisha Malta, tarehe 14 Oktoba 1975, XM645. Ikatua kwa kishindo, ikaruka tena, moto, ikavunjikia juu ya mji wa Żabbar. Wa mbele wawili walipona. Watano wa nyuma walikufa wote, na mama mmoja aliyekuwa barabarani.

MPWA: Umesema nyuma ni watatu. Hapo ni watano.

MJOMBA: Ndicho nilikuwa nakisubiri ukiulize. Nyuma kulikuwa na nafasi ya sita na ya saba. Hizo zilikuwa za mafundi. Vulcan ikienda ugenini, kwenye uwanja usiokuwa na watu wanaoijua, fundi wake mkuu alisafiri nayo. Yule yule aliyejaza mafuta, aliyekunja parachuti ya breki na kuirudisha mkiani, aliyechomoa pini za usalama kwenye viti vya marubani ili viwe tayari kuwaokoa. Akimaliza anapanda, anakwenda kukaa nyuma, mahali ambapo hakuna kiti cha namna hiyo.

MPWA: Mjomba...

MJOMBA: Nasema hivi kwa sababu marubani wenyewe wanalisema. Hawajalificha. Ilijaribiwa namna ya kuwapa wa nyuma viti vya kurusha, kazi ikawezekana kwenye majaribio, serikali yao haikuendelea nayo. Marubani wakizeeka ndilo wanalorudia: nilikuwa na kiti, wenzangu hawakuwa nacho. Mtu anaipenda ndege kwa moyo wote na bado ana hilo kifuani. Mimi siwezi kumsikiliza anayeisifu Vulcan akaruka hiyo sehemu.

MPWA: Kuna watu wataandika kutuuliza: ndege yenyewe ilitengenezwa kubeba bomu la kuua mji mzima, mnawaonea huruma ya nini?

MJOMBA: Swali la haki. Nitalijibu kwa upande wangu. Mimi nimezaliwa ukingo wa Ruvuma. Mwaka 1970 Wareno walipofanya operesheni yao kubwa huko Mueda, ng'ambo ya Msumbiji, nilikuwa na miaka 12. Walikuwa na Fiat G.91, ndege ndogo za jeti. Sisi tulizijua kwa sauti kabla ya kuziona. Mama, bibi yako, alikuwa akisikia ule mlio anatusukuma chini ya mkorosho, anatulalia juu. Mpaka anakufa, jeti ikipita alikuwa ananyamaza katikati ya sentensi. Kwa hiyo mimi sihitaji kuambiwa ndege ya kivita ni kitu gani kwa aliye chini.

MPWA: Na bado ukaenda kuwa fundi.

MJOMBA: Nilitaka nijue ndani kuna nini. Na nilipojua, nikajua pia kwamba kule Nacala kulikuwa na kijana wa Kireno ameshika spana, anaangalia bolti kama mimi. Hilo halimfuti bibi yako chini ya mkorosho. Yote mawili ninayo.

MPWA: Tupumue kidogo, ninywe maji. ... Haya. Wazee wa Vulcan wanasimulia sana habari za kukaa tayari kwa vita vya nyuklia. Hiyo ilikuwaje kwa watu wa chini?

MJOMBA: Walikaa na ndege, usiku na mchana, mvua na baridi, ndege zimepangwa mwisho kabisa wa njia ya kurukia. Waingereza walihesabu kuwa wangekuwa na onyo la dakika nne tu. Kwa hiyo walitengeneza namna ya kuwasha injini zote nne kwa mpigo, na ndege nne ziliweza kuwa angani chini ya dakika mbili. Waliobaki chini walikuwa wanajua: zikiondoka kweli, hapa tuliposimama ndipo bomu la upande wa pili linapokuja. Fundi anaondoa kabari, anaipungia ndege, halafu anabaki.

MPWA: Na lile kombora lao, Blue Steel?

MJOMBA: Hilo mafundi wanalikumbuka kwa woga. Lilitumia mafuta ya taa pamoja na peroksaidi kali sana. Ile peroksaidi ikigusa kitu kama nguo au majani makavu inawaka yenyewe. Waliojaza walivaa mavazi ya kinga mwili mzima, na maji ya kujitumbukiza yapo karibu. Kila unapojaza. Mimi nililalamika kwa mafuta ya Fokker kunichubua vidole.

MPWA: Vita vyenyewe ilipigana mara moja.

MJOMBA: Mwaka 1982, visiwa vya Falkland, vilivyokuwa vimetekwa na Argentina, na wala si kwa nyuklia. XM607 iliondoka kisiwa cha Ascension, kama saa 16 kwenda na kurudi, ndege 11 za Victor zikapokezana kuhakikisha mafuta yanaifikia angani, ikadondosha mabomu 21 alfajiri ya tarehe 1 Mei. Bomu moja ndilo lililopiga njia ya kurukia ya Stanley. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama ilistahili. Mimi huko siendi.

MPWA: Unakwenda wapi?

MJOMBA: Kwa mafundi tena! Zile ndege zilikuwa wiki chache zistaafu. Mirija ya kupokelea mafuta angani ilikuwa haijatumika miaka mingi, mingine imekwishaondolewa. Wakaenda kuichomoa kwenye Vulcan zilizokwisha pelekwa makumbusho, mpaka Marekani. Na husimuliwa kwamba kifaa kimoja cha mfumo huo kilikutwa kwenye chumba cha mapumziko, watu wanakungutia majivu ya sigara. Kikasafishwa, kikarudi kazini.

MPWA: Hiyo ingeweza kuwa karakana yoyote ya Mtwara.

MJOMBA: Karakana yoyote duniani. Zikastaafu jeshini, za mwisho Machi 1984 zikiwa za kubeba mafuta. Ikabaki XH558, raia waliichangia fedha, ikaruka tena mwaka 2007 mpaka tarehe 28 Oktoba 2015. Ilikoma kwa sababu kampuni zilizokuwa zinaithibitisha kiufundi zilijiondoa, wenye ujuzi wanaisha. Hapo niliwaelewa sana. Injini bado inalia vizuri, ila hakuna wa kuweka sahihi.

MPWA: Mjomba, ukikutana na mmoja wa wale mafundi wakuu, waliokaa kiti cha sita, utamuuliza nini?

MJOMBA: Nitamuuliza alikuwa anafanya nini kule nyuma. Dirisha la kuangalia mbele hana. Alilala? Aliongea na wenzake?

MPWA: Na wewe? Uliwahi kusafiri na Fokker uliyoifunga mwenyewe?

MJOMBA: Mara moja. Mtwara kwenda Dar es Salaam, tulikuwa tumebadilisha pampu ya mafuta ya injini ya kushoto usiku kucha, mimi na mwenzangu mmoja. Asubuhi kulikuwa na nafasi, wakaniambia panda. Abiria wa pembeni yangu alikuwa anamwonyesha mtoto wake delta ya Rufiji.

MPWA: Ukaiona?

MJOMBA: Sikuangalia nje. Safari nzima nilikuwa naisikiliza ile ya kushoto.