Mwaka Haufungwi kwa Fashifashi

Assalaam alaykum. Kila Disemba naitwa mahala kuzungumzia malengo ya mwaka mpya, na kila mara naanza na suali lile lile, mnivumilie: mwaka wako wewe unaanza lini?

Mnacheka. Tarehe 1 Januari, mtanijibu. Haya. Serikali hapa hapa Zanzibar inafunga vitabu vyake tarehe 30 Juni. Zaka yako inakwenda na Hijria, siku 354 au 355. Na Makunduchi, kusini ya Unguja, wanakoga mwaka, yaani wanasherehekea mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai: wanapigana kwa vigogo vya mgomba, wanachoma kibanda cha makuti, na kuanzia hapo wazee wakihesabu miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku 5 juu yake. Hukumu ya kukoga waulizeni masheikh, mimi nazungumza hesabu. Kwa miongo hiyo watu wakijua lini wapande na lini waingie baharini, bila ya kalenda ya ukutani. Ina kasoro moja tu: siku zake ni 365 kamili, haifidii mwaka mrefu, kwa hivyo kila miaka 4 inarudi nyuma siku 1.

Nang'ang'ania hili kwa sababu ahadi za Januari zinakufa Machi, kisha watu wanajiita wavivu. Uvivu uko wapi? Umepima kwa pishi ya mwenzio. Chukua mwenye mikarafuu hapa Pemba. Mavuno makubwa yanaanza katikati ya mwaka na yanaweza kufika Januari. Usiku wa tarehe 31 Disemba ana karafuu nyengine bado ziko mtini, nyengine juu ya jamvi, nyengine keshaziuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na pesa nusu zimeliwa. Huyo anafunga hesabu gani? Afunge siku jamvi la mwisho linapokunjwa. Huo ndio mwaka wake.

Najua mwenye duka ananiangalia: karafuu zinanihusu nini mimi? Wewe yanayokuhusu ni Ramadhani na sikukuu, bwana. Wewe unalinganisha mauzo ya Machi hii na Machi ya mwaka jana, unaona yameshuka, unaapa mwaka ujao utafungua saa kumi na mbili asubuhi. Kumbe kilichohama ni Ramadhani, inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, Shaabani na Shaabani. Usipofanya hivyo, mwaka 2030 utakuchanganya kabisa: kuna Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Januari na nyengine inaanza mwishoni mwa Disemba. Utajiona tajiri mwaka huo, kumbe Ramadhani imekuanzia mara mbili.

Sasa daftari. Nimekuja na hili la skuli, halina maajabu. Chora safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na kwa nani. Hiyo ya nne ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo inayofichua mambo. Mwenye karafuu anaandika pesa aliyopewa kituoni ZSTC, basi, anaita hiyo ndiyo faida. Ngoja kwanza. Wachumaji umewalipa kwa pishi, andika. Waliokaa usiku kudondoa, kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, andika. Jamvi jipya, gari, mlinzi, andika. Na karafuu mbichi usizihesabu kama kavu: kilo 3 mbichi zinakupa kama kilo 1 kavu, ikiwa jua limekaa siku nne au tano mfululizo. Mvua ikizikuta jamvini zikachacha, zinapauka na daraja linashuka, na hasara hiyo nayo ina mstari wake.

Hata ukishapata faida, usiapie kitu kwa mwaka mmoja. Mkarafuu hauzai sawa sawa, ukitoa sana msimu huu unaweza kupumzika unaofuata. Mtu kavuna mwaka mkubwa, kaahidi kumaliza nyumba mwaka ujao, kisha kuta zinaota majani hadi usawa wa dirisha. Weka pamoja misimu mitatu, ugawe kwa tatu, uahidi kwa hicho kinachopatikana.

Kabla ya kufunga, orodhesha madeni pande mbili: unaowadai na wanaokudai. Deni unalodai likipita miezi sita bila hata shilingi kurudi, liandike limekufa. Endelea kumdai kama kawaida, lakini usijengee bati kwa pesa iliyomo mfukoni mwa shemeji yako.

Hapo ndipo inakuja ahadi. Moja tu. Na iwe na kiasi, siku, na pahala pesa inapolala. "Nitaweka akiba" si ahadi, ni dua. Kina mama wa mwani wasikilize hapa: nyinyi mnakwenda na bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana, na mwaka una bamvua 24 hivi. Sema: kila bamvua likimalizika, shilingi 10,000 inaingia kwenye sanduku la kikundi, lile la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Utapata 240,000? Hupati. Kuna bamvua utaumwa, na kuna bamvua mwani utaoza kwa joto la maji. Toa manne. Panga 200,000, na likizidi, nafuu. Anayepanga kwa 24 akikosa la kwanza huona keshaharibu, akaacha yote.

Naonyeshwa saa. Nilitaka niseme ya mikopo, basi tena. La zaka kwa haraka: anayefunga hesabu kwa mwaka wa Miladia asitoe asilimia 2.5 akaona kamaliza, kwani mwaka wake una siku 11 zaidi. Wanavyuoni wanaoruhusu hesabu hiyo wanataja 2.577. Na malengo ya kupunguza uzito sina utaalamu nayo, ila pilau ya maulidi iandikwe kwenye safu ya kilichoingia.

Yule bwana wa nyuma kanyanyua mkono tokea nilipomtaja shemeji. Aanze yeye.