Usichomoe Nyaya Zote kwa Mpigo
(Mazungumzo na wenye magari, Tabata, Dar es Salaam)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Wenye IST mtanivumilia. Gari zenu hazina distributa, kile kifaa kinachogawa moto wa umeme kwa kila plagi; kila plagi ina koili yake ya kuzalisha moto huo. Leo nasema na wenye Corolla 110, Starlet na ndugu zao. Masika ikianza tu, hizi ndizo tunazozikuta pembeni mwa Barabara ya Mandela, boneti juu, mwenyewe amelowa chapachapa. Zinamisi, zinazima, zikikauka zinawaka. Halafu unaambiwa ni pampu ya mafuta. Pampu gani, jamani? Pampu haijui mvua. Fungueni kifuniko cha distributa kwanza!

Kigeuze ndani kwenye mwanga. Ukiona kamstari keusi kembamba, kama ka penseli, kametoka ncha moja ya kupitishia moto kwenda nyingine, hapo ndipo moto unapopotelea badala ya kufika kwenye plagi. Umeme ule unaweza kuzidi volti 20,000. Ukipata ufa wenye unyevu, unapita hapohapo. Ncha zikiwa na unga mweupe, zimeshaliwa. Nunua kifuniko pamoja na rota, kile kidude kinachozunguka ndani yake kupeleka moto kwenye kila ncha.

Kazi yenyewe unaifanya nyumbani, kwa bisibisi na spana ndogo. Injini imezimwa, waya hasi wa betri umetolewa. Sasa nisikilizeni, maana hili nalisema kila ninaposimama mbele ya watu na bado halisikiki: usichomoe nyaya zote za plagi kwa mpigo! Fungua kifuniko cha zamani nyaya zikiwa bado juu yake. Kishike sambamba na kipya, matundu ya skrubu yaelekee upande mmoja. Chomoa waya mmoja, uchomeke kwenye ncha ileile ya kipya mpaka ukae barabara. Ndipo uende wa pili. Na ushike mpira wake, usivute waya.

Kuna atakayesema, "Mzee, nimepiga picha kwa simu." Picha ya nyaya nyeusi zenye grisi, zimepishana, utaisoma vipi? Mwingine atasema, "Naijua Corolla, inachoma 1-3-4-2." Ni kweli kabisa, ndivyo silinda zinavyopokezana moto. Haya, waya wa namba 1 uko ncha ipi? Rota inazungukia kulia au kushoto? Kama huyajui hayo mawili, hiyo 1-3-4-2 haikusaidii kitu. Ukizikosea nyaya, gari inagoma kuwaka au inapiga mlio kwenye ekzosi. Kisha anatokea mtu analegeza distributa nzima na kuizungusha kwa kubahatisha. Sasa taimingi nayo, yaani wakati wa moto kufika kwenye plagi, imeharibika, na ulichokuja kubadilisha ni kifuniko tu!

Rota haina maneno mengi: inakaa upande mmoja tu, usiilazimishe. Kaboni ya katikati ya kifuniko ukiibonyeza irudi. Msasa hapana, ukikwangua ncha unaongeza mwanya ambao moto unatakiwa kuuruka. Kariakoo nenda na cha zamani mkononi, usitaje jina la gari tu.

Koili tuiache, muda hautoshi. Dada pale aliuliza kuhusu oili ndani ya kifuniko. Hiyo mara nyingi ni sili ya shafti ya distributa imechoka, na kifuniko kipya hakitaizuia. Badilisha sili kwanza, futa oili yote, ndipo ufunge kipya.