Mshike Ndege Angali Mbali: mhadhara kwa wapiga picha na waongoza watalii, Entebbe

Sebo na nyabo, na ndugu zetu mliovuka mpaka kuja huku, karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya kumpiga picha ndege akiwa hewani, na najua wengi mliomo humu mnamuwaza korongo-nyangumi, yule shoebill wa kinamasi cha Mabamba. Atasubiri. Mimi naanza na kalooli, yule korongo ambaye Waingereza humwita marabou.

Mnacheka. Haya, nitajieni ndege mwingine ambaye mabawa yake yanaweza kupita mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha, anayezunguka taratibu juu ya Kampala hewa ikishapata joto, na hadai kiingilio wala nauli ya mtumbwi. Ukishindwa kumpata kalooli katika fokasi, yaani lenzi imwone bila ukungu, mbayuwayu utamsikia tu kwa wenzako.

Jambo la kwanza lipo kwenye menyu ya kamera, na tulimalize haraka. Weka fokasi endelevu. Nikon na Sony wameiandika AF-C. Canon wanaiita AI Servo, na kwenye kamera zao mpya zisizo na kioo cha ndani ni Servo tu. Ile fokasi ya picha tulivu hupima umbali mara moja ikajifunga, na ndege huyo anaendelea na safari zake.

Sasa tatizo lenyewe. Watu huinua kamera ndege akiwa ameshafika. Lenzi ilikuwa imelala kwenye umbali mwingine kabisa. Inalazimika kuzunguka, imtafute, imkose, irudi, na hayo yote yafanyike ndani ya sekunde ambayo ndege anaitumia kupita. Halafu tunasema lenzi ni mbovu. Mshike kwa fokasi angali mbali, angali mdogo hata picha yake huitaki. Fokasi endelevu hukadiria ndege atakuwa wapi shata, ule mlango wa kuingizia mwanga, itakapofunguka, na makadirio hayo hutokana na mwendo wake iliokwisha kuuona. Usipoionyesha mwendo, itakadiria nini?

Kwa hiyo, kabla hata ndege hajatokea, lenga kitu kilicho kwenye umbali unaomtarajia, kama nguzo ya umeme au ukingo wa mafunjo. Lenzi nyingi ndefu zina swichi ubavuni ya kuizuia isihangaike na umbali wa karibu. Iwashe. Na kama lenzi yako inavuta, anza ikiwa inaona eneo pana, mpate ndege, ndipo uvute.

Mimi pia huiondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia na kuipeleka kwenye kitufe cha AF-ON, pale nyuma, ikae chini ya kidole gumba. Ndege akijificha nyuma ya tawi unaachia gumba, lenzi inabaki ilipokuwa. Akitokea upande wa pili unabonyeza tena. Wapo wapiga picha hodari wasioutaka utaratibu huu, na sitagombana nao.

Eneo la fokasi, yaani sehemu ya fremu ambamo kamera inamtafuta ndege, linategemea kilicho nyuma yake. Anga tupu? Tumia eneo pana, hakuna kitu kingine cha kushikwa. Nyuma kuna mafunjo? Punguza mpaka kundi dogo la nukta za fokasi, la sivyo utarudi nyumbani na picha safi sana za mafunjo. Kamera kama Canon EOS R5 ya mwaka 2020 na Sony Alpha 1 ya 2021 humtambua ndege na kulitafuta jicho lake, na kwa kweli zimeturahisishia kazi. Lakini hata hizo zinataka uwe umemuweka ndege ndani ya fremu, na hapo ndipo mwili unapoingia.

Mkono wa kushoto uende mbele, chini ya lenzi, kiganja kikiangalia juu. Viwiko vigande mbavuni. Miguu ielekee mahali ambapo ndege *atapita*, halafu zungusha kiuno kurudi kule anakotokea. Akija, kiuno kinajikunjua chenyewe, na unapofika wakati wa kupiga umesimama sawasawa. Wengi hufanya kinyume: wanaelekeza miguu kwa ndege anapotokea, na akifika mbele yao kiuno kimekwisha, wanapepesuka. Ukishabonyeza, endelea kumfuata. Picha nyingi huharibika kwa sababu mkono husimama sauti ya shata inaposikika. Acha jicho la pili wazi, na piga mifululizo mifupi.

Kasi ya shata: kwa kalooli anayeelea, 1/1250 ya sekunde inatosha. Kwa mdiria yule mweusi na mweupe, nenda 1/3200 au zaidi. Huyu mdiria ana ukarimu wake: kabla ya kupiga mbizi husimama hewani akipiga mabawa, akitazama maji. Huo ndio muda wa kuikamilisha fokasi, maana akishaanguka ni bahati.

Mwanga tuupange wenyewe. Yangeyange mweupe akitoka mbele ya mafunjo meusi kuingia mbele ya anga, kamera ikijiamulia itabadilisha mwanga mara mbili, ingawa jua linalompiga ni lile lile. Pima mara moja, ufunge kwa mkono. Nasi tuko kwenye ikweta: jua hapa hupanda karibu wima, na ikifika saa nne asubuhi tumbo la ndege ni kivuli kitupu. Tokeni alfajiri.

Upepo nao. Ndege wakubwa huruka wakiuelekea upepo. Simama upepo ukikupiga mgongoni, naye atapaa kuja upande wako. Kalooli hukimbia hatua kadhaa kwanza. Usingoje hatua ya mwisho.

Haya, Mabamba. Stendi ya miguu mitatu iacheni hotelini. Ndani ya mtumbwi hunasa kila mtetemo. Korongo-nyangumi anaweza kusimama muda mrefu bila kujongea, akimvizia kamongo, na hapo ndipo mgeni hunong'ona kwa mpiga kasia, "msogelee kidogo, aruke." Waongoza watalii, kataeni, hata akitoa bakshishi. Ndege aliyefukuzwa hukuonyesha mgongo, na windo lake limepotea. Akiruka mwenyewe huwa mzito na wa taratibu, 1/1600 inamtosha, na kama umemshika tangu alipoanza kuinama mbele, fokasi utakuwa nayo. Akikupita juu ya kichwa, mwacheni aende. Mtu asisimame kwenye mtumbwi kumfuata, kwa maana kamera za wenzenu wote zimo humo humo.

Maswali sasa. Tuanze na yule dada wa nyuma mwenye lenzi ndefu.