Mgeni wa Kila Nyumba

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nilipokuwa naingia hapa, kijana mmoja alinisimamisha mlangoni. Ametunga lugha yake mwenyewe ya kuandikia programu, ameihangaikia miaka miwili, na mpaka leo wanaoitumia ni yeye na rafiki yake. Huyo rafiki naye, nadhani, anamwonea haya tu. Akaniuliza: "Mwalimu, nifanyeje watu waipokee?" Nikamwambia atafute kiti, jibu lake ndilo nililokuja kulisema.

Nitawasimulia habari za lugha ya programu inayoitwa Lua. Si kifupisho, kwa hiyo msiiandike kwa herufi kubwa tupu; ni neno la Kireno, maana yake mwezi. Kabla yake palikuwa na lugha iliyoitwa Sol, yaani jua, ndipo likaja jina hilo. Ilizaliwa mwaka 1993 mjini Rio de Janeiro, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, PUC-Rio, mikononi mwa watu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Hawakuwa na kampuni kubwa ya kuipigia debe.

Walikuwa na shida ya kweli, hicho ndicho walichokuwa nacho. Kuanzia 1977 hadi 1992 Brazil ilibana sana kompyuta na programu za kutoka nje. Maabara yao, Tecgraf, ilikuwa ikiwatengenezea programu wateja kama Petrobras, shirika la mafuta. Watumiaji walikuwa wahandisi na wanajiolojia, watu wa miamba na visima, na kompyuta zao zilikuwa za kila namna. Tcl, lugha nyingine ya programu, ilikuwepo, lakini wakati huo ilikaa kwenye mfumo endeshi wa Unix tu. Basi wakaandika ya kwao.

Hapa naomba tutulie kidogo. Waliamua kuiandika kwa C sanifu tu, yaani lugha ya programu ya C kama ilivyo kwenye kanuni zake rasmi, bila kugusa kitu chochote ambacho ni mali ya mfumo endeshi mmoja. Uamuzi huo una machungu yake. Hadi leo Lua tupu haiwezi kukuorodheshea mafaili yaliyomo ndani ya folda, kwa sababu C sanifu yenyewe haijui folda ni kitu gani. Ukitaka hilo, unaongeza maktaba ya pembeni, yaani fungu la programu zilizokwisha kuandikwa. Wapo wanaoikejeli kwa ajili hiyo, kama wanavyoikejeli kwa kuhesabu kuanzia moja badala ya sifuri. (Mama muuza maembe naye huanzia moja, wala hesabu zake hazijawahi kumpotea.) Mimi naona hapo ndipo walipopatia. Penye kompaila ya C, ile programu inayoigeuza C kuwa maagizo ya mashine, Lua inaingia na mafaili yaleyale, bila kuandikwa upya kwa ajili ya mashine hii au ile. Wengi wetu hufanya kinyume: tunajaza vitu kwanza, halafu tunahangaika kuvihamisha.

Jambo la pili ni tabia. Lugha nyingi zinataka ziwe mwenye nyumba: programu yako nzima iandikwe humo. Lua ilikubali kuwa mgeni. Ni maktaba ndogo unayoipachika ndani ya programu yako ya C, kisha yale mambo yanayobadilika kila siku unayaandika kwa Lua bila kuijenga upya programu nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mnajua wenyewe siku ya tatu mgeni hupewa jembe.

Lakini mlango wa kwanza waliufunga wenyewe. Toleo la 1.1, mwaka 1994, lilikuwa bure kwa wasomi, ila mfanyabiashara sharti aje mzungumze. Hakuna mfanyabiashara aliyefikia makubaliano nao. Na kwa nini ajisumbue, ilhali Tcl na mwenzake Perl zilikuwa bure? Hata wasomi walisita. Toleo la 2.1, mwaka 1995, likaondoa sharti hilo, na mwaka 2003, kwenye toleo la 5.0, wakachukua leseni ya MIT, ruhusa fupi inayomwachia kila mtu atumie bure, ambayo wanasheria wa kampuni walikuwa wanaijua tayari. Vijana, leseni uliyojitungia mwenyewe ni kazi unayompa mwanasheria wa mtu mwingine, na yeye akichoka kuisoma anasema hapana.

Desemba 1996 makala yao ikatoka katika jarida la Dr. Dobb's. Hilo halikuwa jarida la maprofesa. Lilisomwa na watu wa kazi. Mmoja wa wasomaji alikuwa mtu wa LucasArts, kampuni ya michezo ya kompyuta, na mchezo wao Grim Fandango, wa mwaka 1998, ukatoka ukiwa na Lua ndani. Watengenezaji michezo huchunguliana, kwa hiyo kuanzia hapo habari ilijitembeza yenyewe. Mchezo wa mtandaoni World of Warcraft ulipokuja mwaka 2004, wachezaji wa kawaida wakawa wanaandika nyongeza zao kwa Lua, wengine bila kujiona kuwa wanaandika programu.

Redis, ya kutunzia data, na Neovim, ya kuandikia matini, nazo zina Lua ndani; nitazitaja tu nipite. Wikipedia siwezi kuipita. Kurasa zenye vigezo vingi, yaani vipande vilivyotayarishwa vya kupachikwa kwenye kurasa nyingi, zilikuwa zinachelewa mno kufunguka, na mwaka 2013 wakaipachika Lua ili ifanye kazi hiyo. Vigezo vya Wikipedia ya Kiswahili navyo vinaweza kuitumia. Lugha ya wanajiolojia wa Rio!

Si kwamba imekosa madonda. Matoleo yake hayaheshimiani vizuri: kilichoandikwa kwa toleo la 5.1 kinaweza kugoma kwenye 5.3. Kila mwenyeji hubaki na toleo alilolizoea. LuaJIT, Lua iliyotengenezwa ikimbie kasi, imeng'ang'ania la 5.1, na Roblox, jukwaa la michezo, walianzia hapohapo wakaishia kuwa na lahaja yao, Luau. Hiyo ndiyo bei ya kuwa mgeni: mwenye nyumba ndiye anayeamua utavaa nini.

Sasa kijana wangu wa mlangoni, uko wapi? Simama. Mtu akitaka kuiweka lugha yako ndani ya programu yake, kesho asubuhi, kwenye mashine usiyoijua, atahitaji kusakinisha nini kwanza? ... Vitu saba? Haya, nisubiri tukimaliza maswali, njoo na hiyo kompyuta yako, tuanze na cha saba.